Bomba Lako Lamwaga: shajara ya mradi wa kanga

Januari 15

Klabu ya Sanaa imefunguliwa leo. Wanafunzi 19 wa kidato cha pili na cha tatu, wasichana wakiwa 12. Chumba ni kilekile, stoo ya viti vibovu iliyobahatika kupata dirisha. Tutakutana kila Jumatano baada ya vipindi hadi kengele ya saa kumi.

Mradi wa muhula ni kuchora ukuta wa nje, ule unaotazamana na mtaro. Mtaro wenyewe unatoka huko juu mitaani, unapita nyuma ya madarasa ya kidato cha kwanza, kisha unakwenda zake hadi kwenye mikoko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kweli haitapakai kama zamani. Ila chupa za maji, vifuko vya karanga, pampasi na ndala havikuambiwa kitu. Vyote vinapita hapa, na mvua ikinyesha vinaingia darasani kama wanafunzi waliochelewa.

Nina galoni mbili za rangi ya mafuta, na shilingi 180,000 zilizotoka mfukoni mwangu na kwa wazazi wawili. Nimewapiga picha watoto wamesimama mbele ya ukuta, nikairusha kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa sanaa: "Mradi wangu wa mwaka huu." Pongezi zimemiminika kabla brashi haijalowa.

Januari 22

Michoro ya kwanza imeletwa. Karatasi 19, na kwenye 16 kuna dunia yenye macho, inalia. Tatu zilizobaki zina mti ulioshika ufagio. Maneno ni "Mazingira ni uhai" na "Tunza mazingira yakutunze", basi.

Nimewauliza nani kati yao amewahi kuiona dunia ikilia. Kimya. Halafu binti mmoja wa mstari wa nyuma akasema, "Mwalimu, kwani si ndivyo inavyotakiwa?"

Nimerudi nyumbani na hilo swali. Inatakiwa hivyo, ndiyo, na anayetaka ni mimi. Nilivyosoma chuo cha ualimu Butimba na nilivyofundisha miaka kumi na moja, sanaa ikiitwa kwenye jambo la jamii huitwa kama mpiga tarumbeta wa harusi: njoo utangaze, ukimaliza kaa kando ule wali. Malaria, chora mbu. Ukimwi, chora utepe. Mtoto anatambua mapema kwamba kuna kuchora unachokiona na kuna kuchora kinachopata alama, na hana haja ya kuchanganya.

Kwetu Tunduru kila mwenye brashi hulinganishwa na Edward Said Tingatinga. Yeye naye alipita huku Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, kabla ya kwenda Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora ndege na chui kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alipata miaka minne tu. Mwaka 1972 risasi ya polisi ilimpata kimakosa. Nilipopangiwa kazi huku, mjomba wangu alisema, "Haya, umeshika njia ya Tingatinga, angalia usiishie kwenye mkonge." Ninachokiwaza usiku huu si chui wake. Ni lile kopo la rangi ya baiskeli. Alichukua kilichokuwapo dukani na kilichokuwamo kichwani, akaanza. Mimi nimewapa watoto galoni mbili za rangi na sentensi iliyokwisha kuandikwa.

Neno "uanaharakati" nalo linanikwaza. Nikilitaja darasani wanafikiri fulana za bure, chakula cha mchana hotelini na picha ya pamoja.

Januari 29

Getini kwetu wapo mama wawili, mmoja anauza mihogo, mwenzake visheti. Jana wa mihogo alikuja amejitanda kanga ya MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Leo wa visheti kaja na USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Kaitanda mgongoni jina lisomeke vizuri, halafu kakaa kuupa mgongo upande wa mihogo. Hawasalimiani.

Mimi nimepita pale mara mbili, na nilichoona ni korosho na maua ya zambarau. Wanafunzi wangu wote 19 walijua nani kaambiwa nini, kwa kisa gani (mchezo wa upatu, zamu iliyorukwa), na walishawekeana dau juu ya kanga ya kesho. Walikuwa wanasoma mchoro: rangi zake, jina lake, namna ulivyojitandwa, saa uliyovaliwa, na aliyelengwa amekaa wapi. Mwalimu wa sanaa ndiye peke yake aliyekuwa hajui kusoma.

Nimeona haya, nasema kweli. Mwaka 1962 Nyerere alipounda wizara ya utamaduni alisema utamaduni ndio kiini na roho ya taifa, na maneno hayo nimewaandikisha wanafunzi miaka yote. Kisha siku ya mahafali roho hiyo tunaifunga majani kiunoni, tunaichezesha ngoma dakika kumi mbele ya mgeni rasmi, tunairudisha stoo. Kumbe iko getini inauza visheti.

Nimefuta ubao na kuandika: "Kuna mtu anatupa taka mtaroni usiku. Mvalieni kanga." Kelele zimedumu dakika arobaini. Mwalimu wa Hisabati, chumba cha pili, amekuja kuuliza kama kuna nyoka.

Februari 1

Jumamosi, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mwenye duka la kanga ni mama wa makamo aliyekaa juu ya robota kama nahodha. Nimemwamkia, nimemweleza nataka kutengeneza na watoto kanga ya usafi, na nikamsomea jina nililolitunga njiani: "Tunza mazingira kwa faida ya wote."

"Ataivaa nani?"

"Watu wote, mama."

"Watu wote hawana kiuno, mwanangu. Kanga anaivaa mtu, anamvalia mtu. Jina lisilo na mwenyewe halina soko."

Akavuta doti moja akaikung'uta mbele yangu. Pindo la kuzunguka, mji wa katikati, jina la chini. Hayo nilikuwa nayajua kwa kuyasoma. Nisilolijua ni pale alipoukunja mkono akapima upana wa pindo kwa kiganja: "Pindo likiwa dhaifu, mji unamwagika." Nimefundisha mada ya mpangilio wa picha mara ngapi, na sijawahi kuisema kwa maneno matano.

Nimenunua mita sita za marekani. Jina la kitambaa hiki lenyewe ni somo, na Jumatano nitawaeleza. Ni pamba iliyoletwa Unguja na meli za Marekani karne ya kumi na tisa, ikavaliwa na watumwa, na ile iliyotiwa rangi nyeusi ikawa kaniki. Utumwa ulipokomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki na kuvaa kanga. Hakuna aliyeandika bango. Waliamka asubuhi wakavaa rangi, na mji mzima ukaelewa kwamba hao si wa fulani tena. Kanga yenyewe ilianza kwa leso za Wareno, vipande sita vikishonwa pamoja. Kule Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake mwaka 1887, na alama yake, "Mali ya Abdulla", hadi leo inasomeka pembeni mwa kanga. Majina ya mwanzo yalichapwa kwa herufi za Kiarabu. Za Kilatini zilikuja baadaye.

Nilipoaga yule mama akaniuliza, "Na ukuta mnaotaka kuuchora, unakwenda sokoni?"

Februari 8

Ufuko wa Sahare, na ruhusa za wazazi mfukoni. Tumeokota ndala 53 kwa saa mbili. Jozi iliyotimia ni moja tu. Wavuvi wametuuliza kama tumefungua biashara ya miguu.

Nia ni mihuri. Soli ya ndala inakatika kwa wembe kama muhogo uliochemka, na inanyonya rangi kiasi. Zilizokaa miaka juani zinamong'onyoka mkononi. Zilizotoka mtaroni majuzi ndizo nzuri, jambo lililotuchekesha vibaya. Moja ilikuwa na maandishi ya kalamu ya wino mzito kisigino: BWENI 2.

Ni bweni letu. Kicheko kikakatika. Ndala imetoka shuleni, imeshuka na mtaro, imekwenda baharini kuogelea na imetusubiri ufukweni. Mwenye kutupa usiku tuliyekuwa tunamtafuta mitaani ana kitanda hapa kwetu.

Februari 12

Kuchonga herufi. Leo nimecheka hadi mbavu.

Muhuri unachapa kinyume. Nimelisema mara tatu, nimelichora ubaoni, nimeleta na kioo. Kundi la kwanza likachonga neno USIKU, safi kabisa, herufi zimekaa wima kama gwaride. Wakapaka rangi, wakakandamiza, wakainua. UKISU. Na S na K zimeangalia ng'ambo. "Ukisu? Kisu cha nani?" Chumba kikalipuka.

Basi tukakaa tukazigawa herufi ubaoni, zenye adabu na korofi. Zenye adabu hazina kulia wala kushoto: A, H, I, M, O, T, U, V, W, Y. Kiswahili kina bahati, maana maneno yetu yamejaa A na I na O na U. Katika irabu, korofi ni E peke yake. Zilizobaki zote zina ugomvi: B, K, L, P, G, S, Z. Mbaya kuliko zote ni N. L ukiikosea unaiona palepale. N ukiichonga sawa, jicho linakwambia umekosea. Ukiichonga vibaya, jicho linatulia. Tena ukiipindua juu chini inabaki ileile, haikupi nafasi ya kujiokoa. M ina faida: ukiipindua unapata W bure.

Mvulana mmoja, mkimya, alimaliza jina zima kabla ya wenzake kumaliza neno. Nimemuuliza siri. "Chuoni, kule madrasa, tunaanzia kulia, mwalimu. Nimejifanya naandika ya chuoni."

Mimi sikushika wembe. Nilikuwa nazunguka nikisifu na kusahihisha.

Februari 26

Wiki mbili za rangi, na sitaki kuzirefusha. Rangi ya maji ya ukutani iliyochanganywa na gundi nyeupe ilikaa vizuri hadi ilipofuliwa, ikabanduka kama ngozi ya mjusi. Vijana wanaochapa fulana mjini wametuuzia rangi yao, kopo la nyekundu na la nyeusi, 14,000 kila moja, na kutufundisha kupiga pasi ya moto upande wa nyuma ili ishike. Nyeupe ni ya kitambaa chenyewe. Nyekundu, nyeusi na nyeupe ni rangi za kisutu, kanga ya harusi, kwa hiyo tumeangukia pazuri bila kukusudia.

Fedha iliyobaki: 61,500.

Machi 5

Ramadhani imeingia. Nusu ya klabu wamefunga, kwa hiyo kazi ni ya kukaa: kutunga majina. Kila mmoja alitakiwa aulize nyumbani, aje na matatu. Sheria wamejiwekea wenyewe, mimi nimeandika tu. Jina litoke kwa pumzi moja. Lisitaje mtu. Na mwenye kuambiwa ajijue bila kuambiwa.

Kwa mtaro limepita, kwa mikono 15, ULICHOTUPA USIKU MVUA ITALETA MCHANA. Baada ya ile ndala ya Bweni 2 hawakutaka jina la kuwanyooshea kidole watu wa mitaani. Hili linamfaa jirani, linatufaa na sisi.

Wavulana walipotoka, wasichana wanne wa bweni walibaki. Mmoja akaweka daftari mezani kwangu, akarudi nyuma hatua mbili kama aliyewasha fataki.

BOMBA LAKO LAMWAGA LANGU LAPIGA MLUZI

Nikauliza maana, wakanieleza kwa zamu. Bafuni kwao maji hayapandi. Ukifungua bomba linatoa upepo, fiii, basi. Bomba la mbele, upande wa ofisi na nyumba za walimu, liko chini na linatoka mchana kutwa. Wanaamka saa kumi na moja alfajiri kubeba ndoo kabla foleni haijawa ndefu. "Na siku zile, mwalimu," akasema mmoja, akaishia hapo.

Nyumba yangu ni mojawapo ya hizo. Bomba langu linamwaga.

Nilichotaka kujibu, na naandika hapa ili nisijidanganye baadaye, ni kwamba hii siyo mada yetu, mada yetu ni takataka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mada ilikuwa yangu. Maji ni yao.

Machi 12

Tumechapa. Meza mbili tumeziunganisha, blanketi juu, marekani juu ya blanketi, pembe nne zimebanwa kwa pini. Muhuri unashikwa na watu wawili: mmoja anauweka kwenye alama ya penseli, mwenzake anaukandamiza kwa kisigino cha kiganja, wote wanahesabu hadi tatu, wanauinua kwa pamoja. Ukiuinua upande mmoja kwanza unavuta mkia wa rangi.

Pindo la kanga ya bomba ni ndoo, mara 44, nyekundu. Mjini kuna bomba moja tu jeusi, kubwa, halina hata tone. Mdomoni mwake yametoka mapinde matatu membamba, yanayopanuka. Nilidhani ni maji yaliyochorwa vibaya. "Ni mluzi, mwalimu." Sauti imechorwa kwa soli ya ndala. Jina limekaa chini, ndani ya kisanduku, herufi zinayumba kidogo lakini zote zinaangalia zinakotakiwa.

Ndoo ya 31 imechapwa miguu juu. Aliyeikosea alitaka kulia. Wenzake wakasema iachwe, ndoo tupu hata ukiipindua hakuna kinachomwagika.

Zimetoka doti mbili, ya mtaro na ya bomba. Nimepiga picha mikono yao yenye rangi, nikatuma kundini: "Kazi yangu na watoto." Mvulana wa chuoni alikuwa nyuma ya bega langu. Hakusema kitu.

Machi 19

Mkuu wa shule ameziona zikikauka kwenye waya. Nimeitwa ofisini, kanga ya bomba iko mezani, imekunjwa vizuri.

"Mwalimu, hapa anaambiwa nani?"

"Mkuu, kanga haitaji mtu."

"Nimezaliwa Pangani. Usinifundishe kanga."

Akaifungua tena, akaisoma tena. Nadhani kwenye mluzi alitaka kucheka. Pembe ya mdomo ilikwenda. Halafu akaamua. Ya mtaro itatundikwa siku ya kikao cha wazazi. Ya bomba ikae kabatini, hayo ni mambo ya ndani. Sikubishana. Nina barua ya uhamisho ya mwenzangu kichwani na mkopo wa benki, na ushujaa wangu unaishia mlango wa ofisi.

Lakini nimekaa nikafikiria jioni hii. Kama watoto wangeandika TUNATAKA MAJI kwa herufi za damu, mkuu angelazimika kukasirika, maana mbele ya bango kama hilo kilichobaki kwake ni kukubali au kukataa. Jina la kanga lilimwachia mlango wa tatu, wa kujifanya hakuelewa, na yeye kwa heshima yake hakuupita. Watu wa pwani wamesemezana hivi na wakubwa zao muda mrefu. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba mpaka kesi za mahakamani, na waliokuwa wakisikiliza walicheka wakijua wanachokicheka. Watu huiita kazi ya namna hii woga. Mimi nilikuwa mmoja wao hadi nilipoiona kabatini, kwenye kioo cha mlango, jina likisomeka kila anayeingia kusaini daftari la mahudhurio.

Nimewaambia wasichana. Mmoja akauliza, "Kabatini iko moja au doti nzima?"

"Moja."

Hakuna aliyeuliza mwenzake iko wapi. Mimi pia sikuuliza.

Aprili 9

Tumerudi kutoka likizo fupi, na masika yametangulia kutupokea. Usiku kucha imenyesha. Asubuhi kidato cha kwanza wametoa darasani kwao chupa, kopo la mafuta, gunia la pumba na ndala saba. Mvua imeleta mchana. Ndala tano zinafaa kwa mihuri.

Aprili 16

Kikao cha wazazi. Kanga ya mtaro ilitundikwa getini, na wengi walisimama kuisoma kabla ya kuingia. Baba mmoja aliisoma kwa sauti, kisha akamtazama jirani yake.

Kisha akaingia bibi mmoja, mfupi, fimbo mkononi. Ni bibi wa yule binti aliyeweka daftari mezani. Ameitanda kanga ya bomba. Ameipinda kwa mkono, mshono mdogomdogo kama nyayo za sisimizi, na amekaa kiti cha mbele kabisa, hatua tatu kutoka meza kuu.

Hakusema neno kikao kizima. Taaluma ilipita, ada za chakula zikapita, nidhamu ikapita. Yalipofika mengineyo, mwenyekiti akamwona ameinua mkono.

"Mimi sina swali," akasema. Akasimama, akageukia ukumbi, akaifungua kanga yake taratibu kama anayetaka kuiweka sawa, akaitanda upya, akakaa.

Kicheko kilianzia kwa akina mama wa nyuma, kikaja mbele safu kwa safu. Wanaume waliuliza kuna nini, wakanong'onezwa. Mkuu aliinamisha kichwa juu ya ajenda zake kwa muda ambao niliuona mrefu sana, kisha akasema, "Kabla hatujafunga, kuna suala la maji ya bweni." Likajadiliwa saa nzima. Kamati ya watu watano ikaundwa.

Nilimfuata bibi nje. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye mwalimu wa hizi?" Akanikamatisha ncha ya kanga. "Pindo lenu jembamba. Safari nyingine liongezeni."

Mei 7

Fundi bomba amekuja na kamati, amepima kutoka bomba la mbele hadi bwenini, amepanda ngazi, ameshuka. Mgandamizo hautoshi; yatahitajika matangi juu ya mnara, na pampu. Michango imeanza kukusanywa. Tangi bado. Nimepita pale leo jioni nikafungua bomba mwenyewe: fiii.

Tangu Jumatatu ufunguo wa geti la bomba la mbele unakaa kwa kiranja wa bweni. Hilo halikugharimu kitu, na nimejiuliza kwa nini lilihitaji doti nzima.

Maagizo: mama watatu wanataka ya bomba. Muuza visheti anataka yake, na jina atakuja nalo mwenyewe. Kwa ajili ya nani, hasemi. Muuza mihogo ameshaniuliza kama mwenzake aliagiza.

Galoni mbili za rangi ya mafuta ziko palepale, hazijafunguliwa.

Mei 21

Siku ya mwisho ya klabu kabla ya mitihani. Tumesafisha mihuri kwa mafuta ya taa, tumehesabu: herufi nzima 62, ndoo 3, bomba 1, na N nne zilizoangalia ng'ambo ambazo hakuna anayekubali kuwa ni zake. Fedha: 8,200.

Wakati wa kufunga, yule wa chuoni akasema limebaki jina moja ambalo halijachongwa. Akaniletea karatasi, wengine wote wakawa ghafla na shughuli ya kufagia.

NICHONGE MIE USIFIWE WEWE

"Hapa anaambiwa nani?" nikauliza.

"Kanga haitaji mtu, mwalimu."

Nikatoa simu nikapitia nilivyotuma tangu Januari. Mradi wangu wa mwaka huu. Kazi yangu na watoto. Pongezi 40 na kitu, zote zimeandikwa jina langu, na katika picha zote hakuna mwenye wembe anayetajwa. Nikawasomea kwa sauti. Hawakucheka hata mmoja, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikaomba jina hilo tulichape. Wakakubali, kwa sharti. Binti wa mstari wa nyuma akanisogezea ndala, ya bluu, kisigino kimeliwa, na wembe uliovingirishwa gundi ya karatasi upande wa kushikia. Wao walikaa juu ya meza wamenizunguka. Nikaanza kuchonga, neno la kwanza, kwa uangalifu wote wa miaka kumi na moja. Nikapaka rangi nyeusi, nikakandamiza kwa kisigino cha kiganja, nikahesabu hadi tatu, nikainua.

Zote zilitoka sawa isipokuwa N. Wamenicheka hadi kengele ya saa kumi.